Hulka na Uwezo wa Akili kwa Vijana wa Skuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wazazi, walimu wa nasaha na vijana wenyewe wa Unguja na Pemba huuliza baada ya kukutana na jaribio la hulka, ama skulini, ama kwa mtafiti aliyepita kijijini, ama kwenye simu, wakataka kujua iwapo matokeo yake yanasema lolote kuhusu akili. Majibu yameandikwa kwa msomaji ambaye hajasoma takwimu.

Jaribio la hulka hupima nini, na jaribio la uwezo wa akili hupima nini?

Jaribio la uwezo wa akili lina majibu sahihi na yasiyo sahihi. Mtoto huonyeshwa safu ya maumbo yenye pengo moja na kutakiwa achague umbo linalolijaza, au husomewa tarakimu azirudie kinyumenyume, au huulizwa maana ya neno, kisha alama zake hulinganishwa na za watoto wa umri wake. Kazi hii ilishika sura Paris mwaka 1905, pale Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi darasani. Mwaka mmoja kabla yake, Charles Spearman wa Uingereza alikwisha kuonyesha kwamba anayefanya vyema katika kazi moja ya akili aghalabu hufanya vyema katika nyengine pia, jambo lililomfanya aamini kwamba nyuma ya kazi hizo zote upo uwezo mmoja wa jumla.

Jaribio la hulka halina jibu sahihi. Ni hojaji ya sentensi fupi fupi ambazo kijana hujipima nazo mwenyewe, akichagua kama anakubali sana, anakubali, hana hakika, hakubali au hakubali kabisa. Mfumo unaotumiwa zaidi na watafiti hivi leo una sifa tano: uwazi wa fikra, yaani udadisi na kupenda mawazo mapya; uwajibikaji, yaani bidii, mpangilio na kutimiza ahadi; uchangamfu mbele za watu; upole na maelewano; na wepesi wa kushikwa na wasiwasi au huzuni. Kila sifa ina ngazi nyingi na watu walio wengi wamo katikati, kwa hiyo karatasi inayomwambia kijana kwamba yeye ni "mtu wa aina fulani" tayari imekwisha kurahisisha mambo kupita kiasi.

Je, upo uhusiano baina ya viwili hivyo?

Upo, lakini ni mdogo. Watafiti hueleza nguvu ya uhusiano kwa namba inayoanzia −1 hadi +1, ambapo sifuri ina maana kwamba kujua kimoja hakukusaidii hata kidogo kukisia cha pili. Mwaka 1997 Phillip Ackerman na Eric Heggestad wa Marekani waliziunganisha tafiti zilizokuwapo wakapata kwamba uwezo wa jumla wa akili huendana na uwazi wa fikra kwa kiasi cha 0.33, na huenda kinyume na wepesi wa wasiwasi kwa kiasi cha −0.15, ilhali uchangamfu ulikuwa 0.08, na uwajibikaji pamoja na upole vilikuwa kama sifuri. Mwaka 2022 Jeromy Anglim na wenzake waliunganisha tafiti 272 zenye watu zaidi ya 160,000, wakapata namba ndogo zaidi: 0.20 kwa uwazi wa fikra na −0.09 kwa wasiwasi. Mwaka uliofuata Kevin Stanek na Deniz Ones walichapisha kazi kubwa kuliko zote zilizotangulia, yenye takwimu za watu zaidi ya milioni mbili, nao walisisitiza jambo ambalo wengi hulisahau: sifa moja kubwa imejengwa kwa vipande vidogo, na vipande hivyo havielekei upande mmoja. Ndani ya uwazi wa fikra, kwa mfano, kupenda mijadala na mafumbo ya mawazo ndiko kunakoendana zaidi na akili, ilhali kuvutiwa na rangi, muziki au mambo ya hisia kunaendana nayo kwa uchache.

Sehemu kubwa ya watu waliomo katika hesabu hizo ni watu wazima na wanafunzi wa vyuo. Kwa vijana wanaobaleghe mwelekeo ni ule ule, ila vipimo vyenyewe vinayumba zaidi, kwa sababu zitakazoelezwa mbele.

Kiasi cha 0.20 kina maana gani kwa mtoto mmoja?

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tuchukue vijana 200 na kuwapanga kwa uwazi wa fikra, kisha tuwagawe nusu kwa nusu, 100 juu na 100 chini. Kama uwazi wa fikra haungehusiana kabisa na akili, kila kundi lingekuwa na vijana 50 walio juu ya kati kwa uwezo wa akili. Uhusiano ukiwa 0.20, kundi la juu linakuwa na vijana kama 56 na kundi la chini linakuwa na kama 44. Hiyo ndiyo tofauti yote. Mtafiti mwenye maelfu ya watu ataiona na ataifurahia, lakini mwalimu anayemkazia macho mtoto mmoja aliyekaa mbele yake, akakisia akili yake kwa kutumia alama ya uwazi wa fikra, atakosea karibu mara 44 katika kila mara 100, na angekosea mara 50 kama angerusha shilingi juu.

Namna nyengine ya kulieleza jambo hili ni kuizidisha namba kwa yenyewe: 0.20 mara 0.20 ni 0.04, yaani asilimia 4 tu ya tofauti za vijana katika akili ndiyo inayoendana na tofauti zao katika uwazi wa fikra. Asilimia 96 iliyobaki inatoka kwengine.

Kwa nini ni uwazi wa fikra, na si sifa nyengine?

Zipo njia mbili za kulieleza, na huenda zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba mtoto mdadisi husoma zaidi, huuliza zaidi, husikiliza redio ya babu yake na kubishana na kaka zake, na kwa miaka mingi udadisi huo humjazia maarifa na msamiati. Raymond Cattell, tangu mwaka 1943, alitofautisha akili ya kufumbua jambo jipya na akili iliyojengwa kwa mafunzo na uzoefu, na utafiti uliofuata umeona kwamba uwazi wa fikra huendana zaidi na hii ya pili. Njia ya pili inakwenda kinyume: mtoto ambaye mafumbo humjia kwa wepesi huyaona mafumbo kuwa ni mchezo, basi huyapenda, na akiulizwa kwenye hojaji kama anapenda kufikiri mambo magumu, hukubali bila ya kusita.

Ipo pia sababu ya tatu ambayo haipendezi sana. Baadhi ya sentensi za hojaji zinamwuliza kijana moja kwa moja iwapo yeye ni mwepesi wa kuelewa au ana msamiati mpana. Hapo sehemu ya uhusiano tunaouona ni uhusiano baina ya akili na jinsi mtu anavyoiona akili yake, jambo ambalo si hulka hata kidogo.

Binti yangu ana wasiwasi mwingi na karatasi imeonyesha hivyo. Je, hiyo ni dalili ya akili ndogo?

Hasha. Namba ya −0.09 au −0.15 ni ndogo mno kuwa dalili ya chochote kwa mtu mmoja. Zaidi ya hayo, sehemu ya namba hiyo inaweza kuwa haitokani na akili bali na hali ya chumba cha jaribio. Kijana mwenye wasiwasi akipewa karatasi na kuambiwa kwamba ana dakika kadhaa tu, sehemu ya fikra zake inashughulika na kukhofu kushindwa, na nafasi ya kushika tarakimu kichwani hupungua. Alama inayotoka hapo ni ya akili pamoja na khofu. Mpimaji mzoefu huzungumza na mtoto kwanza, humpa mifano ya mazoezi, na huandika katika ripoti yake iwapo mtoto alitetemeka, alilia au alikataa kukisia. Ripoti isiyo na maelezo hayo haijakamilika.

Walimu husema wanafunzi wenye akili nyingi ni wavivu na wale wa kawaida ndio wenye bidii. Utafiti unakubaliana nao?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu walimu hawasemi uongo. Wanaeleza wanachokiona, na hata wataalamu wamekiona.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Joanna Moutafi, Adrian Furnham na wenzao nchini Uingereza walipata kwamba miongoni mwa watu waliowapima, wenye uwezo mkubwa wa akili walikuwa na uwajibikaji mdogo kidogo. Walipendekeza maelezo yanayoingia akilini: asiyejaaliwa wepesi wa kuelewa hujifunza mapema kufidia kwa mpangilio na bidii, na aliyejaaliwa huona hana haja ya kujisumbua. Maelezo hayo yalipendwa. Lakini sehemu ya watu waliopimwa walikuwa waombaji wa kazi, yaani watu ambao tayari walikuwa wamechujwa, na mwaka 2014 Aja Murray na wenzake, kwa kutumia takwimu za vijana wa Marekani ambao hawakuchujwa kwa namna hiyo, walionyesha kwamba uhusiano huo wa kinyume hauonekani, na kwamba uchujaji peke yake unaweza kuuzalisha.

Ili kuelewa vipi, tazama darasa la mchepuo, yaani la wanafunzi waliochaguliwa kwa alama zao, katika skuli yoyote ya Mjini au ya Chake Chake. Hakuna aliyeingia humo bila ya alama nzuri za mtihani wa taifa. Alama hizo zinaweza kuletwa na akili, au na bidii, au na vyote viwili kwa pamoja. Mwenye akili ya wastani aliingia kwa sababu alikesha akisoma, na mvivu aliingia kwa sababu mambo humwingia haraka. Yule ambaye alikuwa na akili ya wastani na ni mvivu pia hayumo darasani, bali amebakia katika skuli aliyotoka, na mwalimu wa mchepuo hamwoni kamwe. Ungo umekwisha kupepeta, na kilichobaki juu yake kina sura ambayo gunia zima halikuwa nayo. Mwalimu akiangalia wanafunzi 40 walio mbele yake ataona kweli kabisa kwamba akili na bidii vinapingana, ilhali kwa watoto wote wa wilaya hiyo havipingani.

Madhara ya kutoelewa jambo hili ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi anayejitahidi sana huhukumiwa kimyakimya kuwa hana kipaji, na mwenzake anayeringia kutosoma huchukuliwa kuwa ana akili iliyofichika. Wapo vijana ambao huficha madaftari yao wasionekane wakidurusu, kwa kukhofu kuitwa majina na wenzao wa dakhalia.

Kama bidii haiendani na akili, ni ipi kati ya hizo inayoleta alama nzuri?

Zote mbili, kila moja kwa njia yake. Mwaka 2009 Arthur Poropat wa Australia aliunganisha tafiti zenye wanafunzi zaidi ya 70,000 na kupata kwamba uwajibikaji huendana na alama za masomo kwa kiasi cha takriban 0.2, na kwamba kiasi hicho kilibakia karibu kile kile hata baada ya uwezo wa akili kuzingatiwa. Katika ngazi ya sekondari na chuo, nguvu ya uwajibikaji ilikaribiana na ile ya akili yenyewe. Katika skuli ya msingi akili ndiyo iliyokuwa mbele kwa umbali mkubwa.

Utafiti unaotajwa zaidi kwa vijana ni ule wa Angela Duckworth na Martin Seligman wa mwaka 2005, uliowafuatilia wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani. Walipata kwamba kujidhibiti kulieleza tofauti za alama za mwisho wa mwaka kwa zaidi ya mara mbili ya akili. Mimi huutaja kwa tahadhari. Skuli iliyotumiwa ilikuwa ya kuchagua wanafunzi, na pale ambapo watoto wote wamekwisha kuchaguliwa kwa uwezo, tofauti zao za akili hupungua na akili huonekana haina kazi. Ni ungo ule ule, umepepeta safari hii kwa upande wa pili.

Mtoto mkimya ana akili zaidi, au mchangamfu?

Hakuna wa kumzidi mwenziwe. Namba ya 0.08 iliyotajwa juu ni kama haipo. Kilichopo ni kwamba jaribio linalofanywa ana kwa ana na mpimaji mgeni huenda likamfaa mchangamfu, na jaribio la karatasi la kukaa peke yako kwa muda mrefu huenda likamfaa mkimya, kwa hiyo aina ya jaribio inaweza kupendelea upande mmoja bila ya mtu kukusudia.

Kwa nini rika la kubaleghe huleta taabu ya pekee katika vipimo hivi?

Kwa sababu hulka yenyewe iko safarini. Mwaka 2011 Christopher Soto na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya milioni moja wa umri wa miaka 10 hadi 65, waliojaza hojaji kwa Kiingereza kwenye intaneti. Ilionekana kwamba kutoka utoto kuingia ujana, wastani wa uwajibikaji na wa upole hushuka, kisha hupanda tena mtu anapokaribia utu uzima. Mzazi ambaye mwanawe wa miaka 14 amepata alama ya chini ya uwajibikaji anapaswa kujua kwamba karibu rika zima liko chini wakati huo, na kwamba alama isiyolinganishwa na watoto wa umri ule ule haina maana.

Pili, kijana mdogo hajui bado kujieleza kwa usawa. Katika uchambuzi mwengine wa mwaka 2008, Soto na wenzake waliona kwamba watoto wa miaka 10 hutofautiana sana katika tabia ya kukubali tu, au kukataa tu, kila sentensi, hata zile zinazopingana, na kwamba mtiririko wa majibu huimarika umri unavyosonga kuelekea miaka 20. Hapa pana mtego kwa mada yetu: kusoma sentensi, kuielewa na kukumbuka ulichojibu juu kidogo ni kazi ya akili. Mtoto anayesoma kwa taabu atakuwa na majibu ya hulka yenye vurugu zaidi, na uhusiano baina ya "hulka" na akili utakaoonekana unaweza kuwa ni uhusiano baina ya kusoma na kusoma.

Tatu, matokeo ya hulka hayadumu kama ya akili. Brent Roberts na Wendy DelVecchio walionyesha mwaka 2000 kwamba uthabiti wa nafasi ya mtu miongoni mwa wenzake huwa kiasi cha 0.31 utotoni, 0.54 katika miaka ya chuo na 0.74 kuanzia umri wa miaka 50. Scotland ina ushahidi wa kupendeza zaidi. Watoto waliofanya jaribio la akili wakiwa na miaka 11 mwaka 1932 walirudiwa wakiwa na miaka 77, na alama zao ziliendana kwa 0.63. Lakini katika kundi jengine la nchi hiyo hiyo, walimu waliwapima wanafunzi wa miaka 14 kwa sifa sita, zikiwamo kujiamini, ustahamilivu na uwajibikaji, na walipopimwa tena wakiwa na miaka 77 uhusiano ulikuwa haupo kabisa kwa kiwango cha kuaminika. Nusu karne na zaidi ilikuwa imepita, na waliopima mara ya pili hawakuwa walimu wale, lakini mwenye kumwandikia mtoto wa kidato cha pili kwamba hulka yake ni hii na haitabadilika ana la kujifunza hapo.

Majaribio haya yametungwa Ulaya na Marekani. Yanafaa kwa mtoto wa Pemba?

Yanaweza kufaa kwa kiasi, baada ya kazi kubwa ambayo mara nyingi haifanywi. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake waliripoti kwamba miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi kwa kilimo na kuwinda, zile sifa tano hazikujitokeza kama zilivyotarajiwa. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichambua hojaji za uso kwa uso za watu 94,751 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakapata kwamba sentensi ambazo zilipaswa kupima sifa moja mara nyingi hazikushikamana, na kwamba sababu mojawapo ni watu kukubali kila kinachosomwa na anayehoji.

Tazama sentensi moja kwa karibu. Hojaji inasema: "Napenda kwenda kwenye sherehe zenye watu wengi." Msichana wa miaka 15 wa Micheweni anaisoma, anainua macho, anauliza: "Harusi nayo imo?" Kwake harusi ya jirani haina kupenda wala kutopenda, mama yake akienda kupika, naye huenda kukuna nazi, na asipokwenda atasemwa. Akijibu "nakubali sana" hajasema lolote kuhusu uchangamfu wake, amesema kwamba ana jamaa na majirani. Kama mwalimu wake amesimama mlangoni akingojea karatasi zikusanywe, hata sentensi ya "huwa nachelewa kufanya kazi nilizopewa" haitapata jibu la kweli, kwa kuwa adabu inamtaka asijidhalilishe mbele ya mkubwa wake.

Kuna tatizo jengine ambalo halionekani kwa urahisi. Kila mtu hujipima kwa kulinganisha na waliomzunguka. Katika utafiti wa mataifa 56 ulioongozwa na David Schmitt na kuchapishwa mwaka 2007, watu wa Afrika walijipa alama za juu za uwajibikaji na watu wa Asia ya Mashariki walijipa za chini, na sijakutana na mtaalamu anayeamini kwamba Wajapani ni wavivu wa dunia. Mwanafunzi anayekaa dakhalia na wenzake wanaoamka alfajiri kudurusu anaweza kujiona mzembe, ilhali angekuwa kijijini kwao angejiona wa mfano.

Upande wa akili nao hauko salama. Katika sekondari zetu masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na jaribio la msamiati likiwa kwa Kiingereza litapima kwanza nani alipata Kiingereza, na nyumba zinazotoa Kiingereza zinajulikana. Karibu na sisi, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto wa Usenge, magharibi ya Kenya, ambao walipimwa ujuzi wa mitishamba ya kutibu maradhi ya kwao. Waliojua dawa nyingi zaidi walielekea kupata alama za chini katika jaribio la msamiati la kiskuli. Timu hiyo hiyo ilifanya kazi pia karibu na Bagamoyo, ikawapima watoto, ikawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali, kisha ikawapima tena, na alama zilipanda. Uwezo ulikuwapo, kilichokosekana ni mazoea ya aina ile ya swali.

Afya ya mtoto inaingia wapi?

Inaingia katika vipimo vyote viwili. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka, hujibu polepole na huonekana hana hamu, na mtu anayemtazama kwa juu juu anaweza kuuita uchovu huo hulka yake. Pemba ina nafasi yake katika elimu hii: utafiti wa Rebecca Stoltzfus na wenzake uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa watoto wadogo wa kisiwani humo madini ya chuma na dawa za minyoo, na madini ya chuma yaliboresha maendeleo yao ya lugha. Hao walikuwa wachanga kuliko vijana tunaowazungumzia, lakini ni sababu ya kutosha ya kuuliza kuhusu damu na minyoo, macho na masikio, kabla ya kuandika chochote kuhusu akili ya kijana. Funga ya Ramadhani na msimu wa karafuu, ambapo wengi hutoka konde wakiwa hoi, nazo si nyakati za kupima.

Je, matokeo ya wasichana na wavulana hutofautiana?

Katika uwezo wa jumla wa akili, tofauti ya wastani ni ndogo kiasi cha kutostahili kuzungumzwa. Katika hulka, wepesi wa wasiwasi hupanda kwa wasichana katika miaka ya kubaleghe kuliko kwa wavulana, na ndiyo maana ulinganisho na wenzao wa rika na jinsia moja husaidia.

Na majaribio ya kwenye simu yanayompa mtu herufi nne, au jina la mnyama?

Ni ya kujifurahisha. Yanawagawa watu katika mafungu mawili mawili pale ambapo wengi wamo katikati, kwa hiyo aliye karibu na mpaka hubadilika fungu akijaribu tena wiki ijayo. Hayana tofauti kubwa na kutazamiwa nyota, isipokuwa mtazamaji nyota humwuliza mtu jina la mama yake, na simu humwuliza namba ya simu.

Skuli itumie matokeo ya hulka kuchagulia wanafunzi wa michepuo au wa dakhalia?

Isitumie. Sababu ya kwanza ni ile hesabu ya 56 na 44: kosa ni kubwa mno kwa uamuzi mzito kama huo. Sababu ya pili ni kwamba hojaji ya kujieleza mwenyewe hudanganyika kwa wepesi. Pindi ikijulikana mitaani kwamba anayejibu "nakubali sana" kwenye sentensi za bidii ndiye anayechaguliwa, kabla ya mwaka kwisha masomo ya ziada ya jioni yatakuwa yanafundisha namna ya kuijibu, na watakaopata alama za juu ni wale ambao wazazi wao waliweza kulipia.

Mahali pake panapofaa ni katika chumba cha mwalimu wa nasaha, mlango ukiwa umefungwa, ambapo karatasi inakuwa ni chanzo cha mazungumzo: "Umeandika kwamba hushikwa na khofu siku za mtihani. Huanza lini? Usiku wake, au ukishaingia chumbani?" Maswali kama hayo huzaa msaada ambao namba peke yake haiuzai.

Nimeletewa karatasi ya matokeo ya mwanangu. Niulize nini?

Uliza kwanza ni nani waliotumika kama kipimo cha kulinganishia. Ikiwa alama 100 ni wastani wa watoto wa nchi nyengine, basi karatasi inakwambia umbali baina ya mwanao na watoto hao, na haikwambii nafasi yake miongoni mwa wenzake wa Wete au Makunduchi. Uliza pia jaribio lilifanywa kwa lugha gani, saa ngapi, na kama mtoto alikuwa mzima.

Kisha uliza kiasi cha kuyumba kwa alama. Majaribio mengi ya akili huwekwa wastani wa 100 na mtawanyiko wa 15, yaani karibu theluthi mbili ya watoto huwa baina ya 85 na 115. Hata jaribio zuri, lenye uthabiti wa 0.90, yaani likirudiwa hutoa matokeo yanayokaribiana sana, lina kosa la kawaida la kama alama 5; mipaka huwekwa karibu mara mbili ya kosa hilo kila upande, na hivyo mtoto aliyepata 100 anaweza kwa haki kabisa kuwa popote baina ya 91 na 109. Mpimaji anayekupa namba moja tupu, bila ya mipaka yake, mwombe akuandikie na mipaka. Kwa hojaji ya hulka mipaka hiyo huwa mipana zaidi, hasa zile fupi zenye sentensi mbili tatu kwa kila sifa.

Mwisho, uliza kama kuna haja ya kurudia, na usikubali lirudiwe baada ya wiki chache kwa jaribio lile lile, kwa kuwa maswali ya maumbo hukumbukwa na alama hupanda kwa mazoea tu. Aghalabu huachwa mwaka mmoja au zaidi upite, na matokeo ya mara ya kwanza hayaonyeshwi kwa mpimaji wa pili mpaka amalize kazi yake.